Kompyuta ya Mezani Sebuleni Kinanie: Yenye Faida, na Yenye Gharama Zisizotajwa Dukani

Nyumba mpya za Kinanie, Kaunti ya Machakos, hupitia orodha ya ununuzi inayofanana. Tangi la maji hutangulia, kisha milango ya chuma, kisha televisheni. Nyumba ikishatulia na watoto wakishafika madarasa ya juu ya shule ya msingi, linazuka suala la kompyuta. Mwalimu ametuma kazi kwenye WhatsApp saa mbili usiku na anataka ichapishwe kufikia asubuhi. Saiba imeshafungwa, na kutoka ploti za ndani hadi lami usiku ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Baba anapendekeza kipakatalishi. Mama amepita Luthuli Avenue jijini Nairobi akaona kompyuta kamili ya mezani, pamoja na skrini ya inchi 22, kibodi na kipanya, ikiuzwa chini ya bei ya kipakatalishi kipya cha hali ya chini kabisa.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa nyumba ya watu wanne au zaidi ambayo tayari ina simu za kutosha, naunga mkono kompyuta ya mezani: ya kazi za shule, ya filamu, ya muziki, ya picha za familia. Lakini naiunga mkono kwa sharti kwamba mnunuzi ahesabu vitu ambavyo havimo katika ile bei iliyobandikwa kwenye skrini dukani; kimojawapo cha vitu hivyo ni hali ya stima nyumbani kwake.

Faida kubwa ni kwamba inatengenezeka. Vipakatalishi vingi vya bei ya chini siku hizi vina RAM iliyolehemewa moja kwa moja kwenye bodi, na baadhi vina hata hifadhi iliyolehemewa. Kipande kimoja kikifa, mara nyingi kimekufa chote. Chai ikimwagika juu ya kipakatalishi, imeingia kwenye bodi, na fundi ataanza kwa kukufungulia kila kitu na kukutajia bei ya kukukatisha tamaa. Ikimwagika kwenye kibodi ya mezani, unanunua kibodi nyingine na kazi inaendelea jioni hiyohiyo. Skrini ikipasuka inabadilishwa skrini. Pawasaplai ikiungua inabadilishwa pawasaplai. RAM ya GB 4 inaongezwa ikawa 8 au 16 bila kugusa kitu kingine. Mashine za ofisini zilizotengenezwa vizuri hufunguka kwa kuvuta kitasa kimoja tu, hata bisibisi haihitajiki, na kijana wa sekondari anaweza kufundishwa kubadilisha diski kwa nusu saa.

Faida ya pili ni mahali inapokaa. Simu humfuata mtoto chumbani na chini ya blanketi. Skrini ya inchi 22 iliyo sebuleni haifichiki. Mzazi anayepika huiona akipita, na mdogo hujifunza kwa kumtazama mkubwa wake akiunda mchezo kwa Scratch, programu ya bure iliyoanzishwa na chuo cha MIT na ambayo hufanya kazi hata bila intaneti. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wale wanaoelekea mkondo wa sayansi na teknolojia au ule wa sanaa na michezo wanahitaji zaidi ya kubonyeza kioo cha simu. Ni kweli kwamba watu watano kwenye mashine moja watagombana. Fungua akaunti ya kila mmoja, yenye nywila yake, na ubandike ratiba ukutani. Kazi ya shule ya mmoja haitafutwa na mwenzake, na ugomvi utabaki wa saa tu.

Sasa tuje kwa mashine zenyewe. Nyingi ya zinazouzwa Nairobi ni zile wafanyabiashara wanaziita eks-UK: kompyuta zilizotumika katika ofisi za Uingereza miaka kadhaa, zikaondolewa kwa pamoja, zikasafishwa na kuletwa huku. Utakutana na HP EliteDesk, Dell OptiPlex na Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na zina bahati moja ya kihistoria: plagi ya Uingereza yenye miguu mitatu ya mraba ndiyo yetu, na stima yao inakaribiana na volti 240 za hapa. Zinazotoka Marekani zinahitaji jicho zaidi. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, penye waya wa stima, yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115 nawe ukaiwasha hapa, utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua, na pawasaplai imekwisha. Itazame kabla ya kuchomeka.

Muuzaji atakwambia “hii ni Core i5” kana kwamba amemaliza maelezo. Core i5 ya kwanza ilitoka mwaka 2009, kwa hiyo jina hilo peke yake halikuelezi lolote kuhusu umri. Soma namba inayofuata. Prosesa iitwayo i5-4590 ni ya kizazi cha 4. I5-6500 ni cha 6. I5-8500 ni cha 8. I5-10500 ni cha 10. Tarakimu hizo za mwanzo ndizo zitakazoamua miaka yako mitano ijayo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni Windows. Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Ofisi nyingi za Ulaya zilitoa mashine zao za kizazi cha 6 na cha 7 kwa sababu hiyohiyo, zikiwa bado nzima, na ndizo zinazojaa madukani kwa bei ya kuvutia. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 ikakubali juu yake, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuihudumia mashine ya namna hiyo. Njia ninayoiamini zaidi kwa mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 ni kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na VLC ya kutazamia filamu. Kwa kazi za shule na burudani inatosha kabisa. Lakini ikiwa kuna mtu nyumbani anayetegemea programu fulani ya Windows, tafuta kizazi cha 8 na usishuke.

Sababu ya pili watu huigundua wakiwa tayari nyumbani, na kwa mashine ya burudani ndiyo yenye uzito zaidi. Video haihifadhiwi ilivyo. Hubanwa ili iwe ndogo, kisha kompyuta huifumua kila sekunde unapoitazama. Ufumuaji huo ukifanywa na sehemu maalumu iliyojengwa ndani ya chipu, mashine hutulia na feni haisikiki. Sehemu hiyo isipoijua lugha ya video hiyo, mzigo wote hubebwa na prosesa ya kawaida. Kizazi cha 4 kinaijua H.264, mtindo wa tangu 2003, lakini hakijui vizuri HEVC iliyokuja 2013. Kizazi cha 6 kinaijua HEVC ya kawaida. Cha 7 ndicho kilichoongeza HEVC ya biti 10 na VP9, ambayo YouTube huitumia sana. Mtindo mpya wa AV1 ulianza kueleweka kwenye chipu za Intel za kizazi cha 11.

Haya yanafika Kinanie kupitia flashi. Vijana wanaouza filamu wakikujazia flashi huchagua faili zilizobanwa kwa HEVC kwa sababu zinaingia nyingi zaidi. Ukiifungua moja ya biti 10 kwenye i5-4590, hasa ya ubora wa juu sana, unaweza kuona picha ikikwama huku sauti ikisonga mbele: mdomo wa mwigizaji umefunga na maneno bado yanatoka. Feni inapanda mpaka chumba kizima kinaisikia. Mwenye mashine hudhani ina virusi, hulipa afutiwe kila kitu na kuwekewa Windows upya, na tatizo linarudi usiku uleule, kwa kuwa halikuwa la Windows tangu mwanzo.

Mashine ya ofisi pia haikuundwa kwa ajili ya sebule. EliteDesk 800 G1 na OptiPlex 7010 ya zamani, kwa mfano, zina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, HDMI hazina. Ukitaka kuiunganisha na televisheni utanunua adapta. Nyingi hazina Wi-Fi, hazina kamera, hazina maikrofoni, na spika yao ya ndani, ikiwepo, ni ndogo isiyofaa kwa muziki. Mkutano wa Zoom wa wazazi wa darasa utakupata huna jicho wala mdomo. Zile zenye umbo jembamba zina pawasaplai ya wati 240 hivi na nafasi ya kadi fupi tu, hivyo kijana anayetumaini kuja kutia kadi kubwa ya michezo ya video aambiwe ukweli mapema. Orodhesha: adapta ya HDMI, kifaa cha Wi-Fi cha USB, kamera ya USB, spika. Jumlisha vyote kabla ya kulinganisha na bei ya kipakatalishi, ambacho vitu hivyo kimekuja navyo.

Kwa spika, wengi tayari wana wufa nyumbani, na waya mmoja wenye pini kama ya earphone upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili unatosha. 

Intaneti nayo hubadilika. Mtu aliyezoea kutazama video kwenye simu kwa ubora wa kati akihamia skrini kubwa huiongeza ubora bila kufikiri, na filamu ya mtandaoni ya ubora wa juu inaweza kumeza hadi GB 3 kwa saa. Windows nayo hupakua masasisho kimyakimya. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo, itapunguza kujipakulia yenyewe. Faiba haijafika kila ploti. Starlink iliingia Kenya Julai 2023 ikawa tumaini la maeneo kama haya, kisha Novemba 2024 ikasitisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Machakos ikiwemo, kwa sababu ya msongamano. Ilifungua tena katikati ya 2025. Uliza jirani anatumia nini na inakuwaje saa mbili usiku, kwa maana saa nne asubuhi kila mtandao ni mzuri.

Nafika kwenye stima, na hapa nitakaa.

Kipakatalishi kina betri, na betri hiyo ni ulinzi ambao hatuuthamini mpaka tuukose. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, mwenye kipakatalishi alihifadhi kazi yake na kukizima kwa utaratibu. Kompyuta ya mezani hukatika pale ilipofika. Tokeni zikiisha, matokeo ni yaleyale. Faili iliyokuwa ikiandikwa huharibika, na diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuumia. Kwa hiyo UPS ni sehemu ya kompyuta ya mezani, haina budi kununuliwa siku moja nayo. Ile ndogo ya VA 650 ina betri moja ya volti 12, kwa kawaida ya saa-ampia 7, na itaibeba mashine na skrini yake kwa kiasi cha robo saa. Muda huo ni wa kuhifadhi na kuzima. Usichomeke wufa humo, wala televisheni, wala printa ya leza. Betri hiyo huchoka baada ya miaka michache hata usipoitumia. Ijaribu mara moja moja kwa kuchomoa UPS ukutani mashine ikiwa imewaka na kazi imeshahifadhiwa.

Kinachoua mashine zaidi ya giza ni stima inaporudi, kwa vile huweza kurudi kwa kishindo. Gadi ya televisheni husaidia hapa: husubiri stima itulie ndipo iruhusu ipite. Ukutani, kisha gadi, kisha UPS, kisha kompyuta. Huo ndio mpangilio.

Kuna jambo jingine ninalolikuta katika nyumba zilizowekewa stima kwa haraka. Mtu anagusa sanduku la chuma la kompyuta, miguu iko chini kwenye simiti, na anahisi kama sisimizi wanatembea kidoleni. Wengi husema mashine ina shoti. Mara nyingi mashine ni nzima. Ndani ya pawasaplai kuna kichujio kinachopeleka mkondo mdogo sana kwenye waya wa ardhi. Nyumba isipokuwa na ardhi inayofanya kazi, mkondo huo hukosa pa kwenda, na chuma chote hubaki kikiwa na karibu nusu ya volti za ukutani. Kuhisi huko kunakupa habari muhimu: siku kitu kingine kikiharibika kwelikweli, birika la umeme au pasi, hakuna waya wa kukuokoa. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA apime fimbo ya ardhi. Usimalize tatizo kwa kuvaa ndala.

Gharama ya kuiendesha ni ndogo kuliko watu wanavyohofu, lakini ina mtego. Mashine ya ofisi, skrini ya LED na spika kwa pamoja nakadiria wati 100, na hapo nimezidisha. Saa nne kila siku kwa siku 30 ni yuniti 12. Kwa shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi ni shilingi 360 kwa mwezi. Mtego uko kwenye ngazi. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa matumizi: wa chini ya yuniti 30 kwa mwezi, wa 30 hadi 100, na wa zaidi ya 100, na kila ngazi ina bei yake. Familia ndogo inayotumia yuniti 24 ikiongeza hizo 12 inavuka kwenda ngazi ya pili, na sasa hata yuniti zake za zamani zinauzwa kwa bei ya juu zaidi. Anayeishi kwenye mpaka huo, au anayetegemea sola, aangalie aina ndogo kabisa za mashine hizihizi: EliteDesk Mini, OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny. Zinatoshea nyuma ya skrini, hutumia adapta ya nje kama ya kipakatalishi, nyingi ya wati 65, na zikiwa zimetulia hula wati chache tu. Nyumba nyingi za hapa zingefaidika zaidi na hizo kuliko lile sanduku kubwa.

Vumbi nitalitaja kwa ufupi, ingawa hapa si kidogo: barabara za ndani ni za udongo, malori ya mawe hayapumziki, na Athi River iliyo karibu imejaa viwanda vya saruji. Usiweke sanduku sakafuni. Lisafishe kila baada ya miezi michache kwa blowa, nje ya nyumba, stima ikiwa imechomolewa, na uishike feni kwa kidole isizunguke, kwani feni inayozungushwa na upepo huzalisha umeme na inaweza kuchoma bodi.

Nyumba zinazonufaika zaidi na kompyuta hii ni zile ambazo mtu anatengeneza kitu. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, bendi iliyobeba jina la mlima ulio upande ule wa Kangundo Road, walirekodi benga yao ya Kikamba katika enzi ambayo studio ilikuwa ya mwenye kampuni. Leo kwaya ya kanisa au kijana wa gitaa anahitaji maikrofoni, kifaa cha kuingiza sauti, programu kama Audacity, RAM ya GB 16 na diski ya SSD. Kuhariri video ya harusi kwenye skrini ya inchi 14 kunawezekana, lakini kwenye skrini mbili kubwa, kwa mashine ambayo inaweza kufanya kazi usiku kucha bila kupata joto la kujipunguzia kasi, kazi inakwisha mapema na macho yanapona. Kwa mtu kama huyo sioni mjadala.

Asiyefaa kuinunua naye yupo. Mwanafunzi wa chuo anayelala hosteli, mwalimu anayebeba kazi kwenda shule na kurudi, mpangaji anayehama kila mwaka, na nyumba ambayo stima imevutwa kwa jirani kwa waya mrefu. Hawa wachukue kipakatalishi, hata kikiwa kimetumika, na wasisikitike.

Ukiamua kununua, nenda dukani na flashi yako yenye filamu ya HEVC ya biti 10. Icheze dakika kumi ukisikiliza feni na kuangalia kama midomo inalingana na maneno. Omba uonyeshwe afya ya diski kwa CrystalDiskInfo. Ikiwa diski ni ya kuzunguka, omba ibadilishwe iwe SSD, na ulipie nyongeza hiyo bila kusita, maana hakuna badiliko lingine litakaloifanya mashine ya zamani iamke haraka hivyo. Andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia uone kama TPM 2.0 ipo. Risiti iwe na namba ya mashine na muda wa waranti, vyote vimeandikwa. Kwenye matatu ya kurudi nyumbani, pakata skrini kioo kikielekea kifuani pako. Ikiachwa nyuma na mizigo, kona moja ya kreti ya nyanya inatosha kuipasua kabla hamjafika Joska.